Feni, Mwambie Mkwe Wangu

Habari hii nilipewa na Domina mwenyewe, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane mwaka jana, tukiwa wawili tu jikoni mwa kanisa pale Annandale tunachambua lengalenga, mchicha wa kwao, za harusi ya watu. Alianza kwa kucheka, nami nikajua jambo liliisha vizuri, maana Domina hacheki habari ambayo bado inamuuma. Naisimulia kama alivyoisimulia.

Domina alikuwa akikaa Alexandria, huku ughaibuni, upande wa magharibi, ghorofa ya tatu, kwa binti yake Goretti na mkwe wake Gervais. Gervais alikuwa dereva wa teksi. Goretti alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, na kila mwisho wa juma alilala kwa mzee mmoja huko Rockville. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Ineza, miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo. Wazazi wakienda kazini nyumba ilibaki kwa Domina na Ineza, nao walikuwa kama ulimi na mate.

Sasa, kwao Domina, mama mkwe na mkwe hawakai wakatazamana usoni, wala hawapigi maneno ana kwa ana kama watu wa sokoni. Ni heshima. Kule nyumbani kila mmoja ana ua wake na watu wa kutuma ni wengi. Lakini Alexandria vyumba ni viwili na sebule moja, na wa kutuma ni Ineza peke yake. Basi Ineza ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba.

"Mwambie baba yako," Domina alizoea kusema, Gervais akiwa hatua tatu kutoka pale, "kama amechoka apumzike kwanza, chakula kitamngoja, ila bugali ukipoa si bugali tena."

Ineza hugeuka. "Papa, food."

"Mwambie Koko," Gervais hujibu, maana bibi kwao ni Koko, macho yakiwa dirishani, "nimeshukuru sana, Mungu amwongezee nguvu, anisamehe kwa kuchelewa."

"Koko, he said okay."

Walikaa hivyo miaka minne na hapakuwa na ugomvi.

Mwezi wa tatu ng'ambo ya barabara wakaanza kuvunja jengo la ofisi la zamani, ili wajenge nyumba za kupanga. Kila asubuhi saa moja kamili tingatinga zikaamka, na mashine ya kukata zege ikaanza kulia kama mtu anayeng'olewa jino. Vumbi lake lilikuwa jeupe, laini kuliko unga wa muhogo. Lilikaa juu ya magari, juu ya maua, juu ya mbwa wa watu.

Ineza alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini ile ya kuja na kwenda. Sasa ikaja ikakaa. Kifua kikawa kinapiga filimbi. Pampu yake ya dawa, ile ya kuvuta kwa mdomo, ambayo zamani ilisahaulika hata wiki tatu kwenye mkoba wa shule, ikawa inatafutwa kila siku. Mara mbili walimkimbiza hospitali. Daktari akaongeza dawa, akauliza pia nyumba yao iko wapi na jirani yao ni nani. Goretti alipomwambia kuhusu ule ujenzi, daktari akatikisa kichwa.

Ujenzi ungechukua miaka miwili. Bango lilisema hivyo, na picha ya watu wanaocheka.

Gervais akakata shauri. Ana dada yake Kentucky, mwenye nyumba pembeni ya mashamba, hewa safi. Shule ikifungwa mwezi wa sita, Ineza atapelekwa huko mpaka ng'ambo ya barabara watakapomaliza. Goretti alilia, lakini hakusema hapana, maana ni nani atasema hapana mbele ya mtoto anayetafuta pumzi? Na Domina hakuulizwa. Hata angeulizwa, angejibu kwa mdomo wa nani? Alikaa jikoni akafikiria nyumba bila mtoto, yeye na mkwe wake ndani, kimya kama watu wawili kwenye lifti.

Aliyeleta njia nyingine ni Jelagat, jirani wa ghorofa ya kwanza, nesi, Mkenya wa huko Eldoret. Alimkuta Domina kwenye chumba cha kufulia nguo, akaona macho yake, akauliza. Kesho yake akapanda ngazi na feni moja ya mraba na filta nne. Hizi filta ni zile za mashine ya hewa ya nyumba, karatasi iliyokunjwakunjwa kama sketi ya shule, ndani ya fremu ya boksi. Akazisimamisha zikawa kuta nne, akafunga chini kwa kadibodi, akaweka feni juu, akazungusha utepe wa gundi kila pembe. Alipoiwasha, ikanguruma, ikatoa upepo kuelekea dari.

"Kogo," akasema Jelagat, maana kwao Wakalenjin bibi ni Kogo, na Domina aliitikia yote mawili, "hii itavuta hewa ya nyumba, ipite kwa filta, vumbi libaki hapo. Lakini wewe pia utanisaidia. Dirisha unafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Ninafungua yote. Nyumba iliyolala imefungwa ni kama kinywa ambacho hakijasukutuliwa."

"Na unafunga?"

"Usiku."

"Kogo! Unawakaribisha hao wajenzi kwa chai! Ufagio je?"

Domina akaonyesha ufagio wake mgumu wa njiti aliouagiza kwa mama mmoja wa Burundi. Alikuwa akifagia asubuhi na jioni, kwa nguvu, kama alivyofundishwa.

"Huo unaamsha tu vumbi likapate kifungua kinywa," Jelagat akasema. "Pangusa na kitambaa chenye maji. Dirisha fungua baada ya mvua, na Jumapili wakilala. Viatu viachwe mlangoni. Ukikaanga samaki, washa ile feni ya juu ya jiko, ufunike sufuria. Na dawa za daktari ziendelee vilevile, hii si dawa."

Domina aliona vigumu, hasa dirisha. Asubuhi mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Lakini ufagio aliusimamisha nyuma ya mlango, akachukua kitambaa.

Siku ya tatu Ineza alilala bila mto wa pili, ule wa kuinua kifua apate pumzi. Siku ya tano akapanda ngazi akiimba. Ndipo Gervais akatuma neno, na Ineza akalileta lote safari hii, kwa sababu lilimhusu: akimaliza siku kumi na nne mfululizo bila kuhitaji pampu, Kentucky haendi. Akiihitaji, Jumatatu inayofuata wanasafiri, bila kungoja shule ifungwe. Hesabu ianze Jumatatu hii.

Ineza akabandika kalenda kwenye frigo. Kila jioni bila pampu akachora moyo mwekundu. Mmoja, miwili, mitatu. Goretti aliporudi kazini kitu cha kwanza alikwenda kwenye frigo, hakuna aliyedhani ana njaa.

Alhamisi ya juma lile kikundi cha maombi kikakutana kwao. Mama Sikujua alikuwemo, na Mama Sikujua, hata akifumba macho kusali, jicho moja hubaki linakagua nyumba. Baada ya amina ya mwisho akainama kwenye feni.

"Domina, ndugu yangu. Hiki kitu chenu kimevaa masizi kama sufuria ya msibani."

Watu wakacheka. Domina naye akacheka, lakini kwa meno tu. Akatazama: kweli. Filta zilizokuja nyeupe zilikuwa kijivu, kama mgongo wa panya, katikati ya sebule yake, mbele ya wageni. Yeye, Domina, aliyekuwa akisugua sufuria kwa majivu mpaka wapita njia wakijitazama humo!

Neno lile lilikaa ndani yake kama mwiba. Jumatano iliyofuata, siku ya kumi ya hesabu, Gervais akiwa barabarani, Goretti kazini, Ineza shuleni, Domina alifunga kilemba vizuri. Kesho yake wageni wanarudi. Akabandua ule utepe taratibu. Akazilaza filta bafuni, akamwaga maji ya moto na sabuni ya unga, akachukua brashi ndogo akasugua kila mkunjo. Maji yakatoka meusi. Alifurahi, anasema, furaha ile ya mtu anayeona uchafu ukiondoka. Akazianika kwenye kibaraza, mlango wa kibaraza wazi kutwa, ng'ambo mashine ya zege inalia. Fremu za boksi zililegea kidogo zikapinda, akazinyoosha kwa kiganja. Kabla mtoto hajarudi alikuwa amezirudisha na kufunga utepe mpya, ingawa pembe hazikukutana sawasawa.

Akawasha. Upepo ukatoka kwa nguvu kuliko hata siku ya kwanza!

"Unaona," akaiambia feni. "Ulikuwa umezibwa tu."

Mama Sikujua alipokuja Alhamisi alitazama, akatafuta la kusema, akakosa. Domina alimwongezea chai.

Ijumaa alfajiri Ineza akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi kidogo cha kusafisha koo, Domina akajifanya hakusikia. Kisha kifua kikaanza filimbi. Kufika saa mbili walikuwa wameitafuta pampu, na siku ya kumi na mbili haikupata moyo. Jumamosi pampu ikatoka mara mbili. Goretti alikuwa amekwishakwenda Rockville kwa mzee wake. Alipiga simu, akalia, akasema basi, mtoto apelekwe.

Jumamosi mchana Gervais alishusha begi kutoka juu ya kabati. Hakwenda kazini. Alikaa kwenye kochi moja akikunja magauni ya Ineza, moja moja, vibaya, kama mwanaume anayekunja ramani. Ineza mwenyewe alikuwa amelala kwenye kochi la pili, dawa imemtuliza, mdomo wazi.

Domina akachukua kitambaa chake chenye maji, maana mikono yake haijui kukaa. Akapangusa meza. Kitambaa kikawa cheupe kwa vumbi. Akashangaa. Wiki ile ya kwanza meza ilikuwa haitoi kitu. Akapangusa televisheni: vumbi. Akapangusa dirisha: limefungwa vizuri, vumbi liko ndani. Akasimama mbele ya feni. Filta zilikuwa nyeupe. Siku tatu zinanguruma mchana na usiku, na nyeupe pee kama alivyozianua.

Mtu aliyechuja chai miaka hamsini anajua jambo moja: chujio lisilobakiza majani limetoboka. Ule uchafu aliouonea aibu, ule weusi ulioteremka na maji ya bafuni, ulikuwa ni ule ambao haukuingia katika kifua cha mjukuu wake. Na yeye ndiye aliyeusafishia njia upite.

Begi lilikuwa karibu kujaa.

Neno lilimfika kooni. Lakini kwa mdomo wa nani? Mdomo wa nyumba ulikuwa umelala, na kumwamsha mtoto mgonjwa ili abebe aibu ya bibi yake, hapana. Goretti yuko Rockville. Na kumgeukia mkwe wake amwambie usoni, kama mtu anayedai chenji, miaka yake sitini na nane yote ilikataa.

Basi akabaki amempa Gervais mgongo, akaweka mkono juu ya feni.

"Feni," akasema. "Uko unanisikia?"

Nyuma yake gauni likakwama hewani.

"Feni, niko na neno. Ile Jumatano, nyumba ilikuwa haina mtu. Mimi nilikuvua. Nikakuosha na sabuni, tena nikakusugua na brashi. Nilifikiri ninakutengeneza, kumbe ninakung'oa meno. Mutoto anakohoa kwa sababu yangu, hapana kwa sababu ya hii nyumba. Hii njo neno langu. Kama kuna mutu wa kupelekwa Kentucky, ni mimi."

Ng'ambo mashine ikalia, ikanyamaza. Domina alisikia Gervais akisafisha koo, mara moja, mara mbili.

"Feni," Gervais akasema mwishowe, sauti ya heshima kabisa, "hebu umuulize mama. Alikuosha na maji ya baridi ao ya moto?"

"Feni, mwambie ya moto."

"Ya moto!" Kochi likatikisika. Gervais alikuwa anajizuia kucheka na alikuwa anashindwa. "Eh, feni. Pole sana, ndugu yangu."

Domina akauma ncha ya kitenge chake, lakini mabega yalimsaliti.

Kisha sauti ya Gervais ikashuka. "Feni, umwambie mama na mimi niko na neno. Jumatano usiku nilikuona umekuwa mweupe. Nikafurahi, nikasema umepona. Kwa hiyo tuko wawili. Na umwambie vile vile, tangu mwezi wa tatu nimekuwa ninangojea mutu mukubwa aniambie usimpeleke mutoto. Goretti analia tu. Mimi sikutaka kumpeleka. Nilikuwa ninaogopa kifua chake."

"Feni," akasema Domina, na hapa anasema sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyopanga, "mwambie mkwe wangu: asimpeleke."

"Papa?" Ineza alikuwa ameinua kichwa. "Who are you guys talking to?"

"Feni," wakajibu wote wawili pamoja.

Gervais alichukua ufunguo wa teksi, akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na filta nne mpya. Jelagat akapanda ngazi na nguo zake za kazini. Alizikuta zile za zamani zimesimama ukutani, zimepinda kama mabati baada ya kimbunga, akazinusa.

"Kogo. Hii ni lavenda?"

"Ni sabuni ya unga."

Jelagat alikaa chini kabisa sakafuni, akacheka mpaka akafuta macho. "Hizi hazioshwi, Kogo. Ukiziosha zinaacha kushika. Na hizi pembe, hewa inapita nje kama mwanafunzi anayetoroka. Zikichafuka sana, unatupa."

"Kutupa kitu kizima?"

"Kutupa."

Domina aliona dunia hii ina mambo. Lakini safari hii alimshikia utepe, akajifunza mishale iliyochorwa kwenye fremu ielekee ndani, akapitisha kiganja kila pembe kusikiliza kama kuna upepo unaotoroka. Begi la Ineza likabaki pale pale sebuleni, limefunguliwa, halikujazwa wala kutolewa vitu. Gervais alituma neno, kwa mdomo wa mtoto kama kawaida: hesabu inaanza upya Jumatatu, moja hadi kumi na nne, na Kentucky itangoja.

Siku ya nne ya hesabu mpya, Mama Sikujua akaja kwa maombi. Filta zilikuwa zimeanza kijivu. Domina hakungoja aambiwe. Alimshika mkono, akampeleka mpaka karibu.

"Angalia, ndugu yangu. Angalia vizuri. Hii yote ilikuwa inakwenda kwa kifua cha Ineza."

Mama Sikujua alitazama. Akapitisha kidole, akatazama kidole. Nyumba yake iko jengo la pili, dirisha linaelekea kule kule.

"Domina," akasema polepole, "huyo Mkenya wako anakaa mlango gani?"

Jumapili ya siku ya kumi na nne ilikuja baada ya mvua ya usiku kucha. Wajenzi walikuwa wamelala majumbani kwao, kreni imesimama kama korongo, matope yamekamata vumbi lote chini. Walirudi kutoka kanisani, Domina akafungua madirisha yote, yote, akakaa katikati ya sebule akivuta hewa kama mtu anayekunywa maji ya kisimani. Goretti alikuwa amepata ruhusa ya kuwa nyumbani siku hiyo. Walikula samaki, sufuria imefunikwa. Ineza akasema hawezi kungoja jioni, akachora moyo wa kumi na nne mkubwa kuliko yote, ukatoka nje ya mraba wake ukaingia Jumatatu. Gervais akatoa magauni kwenye begi, akapanda kwenye kiti, akalirudisha begi juu ya kabati, akalisukuma mpaka ukutani. Goretti alimtazama akishuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwishaoshwa.

Mchana ule usingizi ulipita nyumba nzima. Ineza alilala wa kwanza, juu ya mkeka, chali, mikono imetupwa huku na huku, hakuna mto wa pili. Goretti akalala kando yake bado amevaa nguo za kanisani. Domina alikaa kwenye kochi lake na sikio moja wazi, maana tangu mwezi wa tatu alikuwa amesahau kulala na masikio yote mawili. Alisikiliza kifua cha mtoto. Kikapanda, kikashuka. Hakuna filimbi. Akasikiliza tena. Akakumbuka madirisha, akataka kuinuka, kumbe Gervais alikuwa amekwishayafunga na kurudi kwenye kochi lake, soksi tu miguuni.

"Feni," Gervais akasema, macho yamefumbwa, "umwambie mama alale na yeye. Mimi ninasikiliza."

"Feni, mwambie nimesikia."

Lakini Gervais hakusikiliza sana. Dakika mbili tu kichwa chake kilikuwa kimeanguka begani, anakoroma. Domina akamwacha. Akahesabu pumzi za Ineza, kumi, ishirini, zote laini, na feni ikinguruma chini kwa chini, chafu kama inavyotakiwa. Alipofika thelathini na kitu hesabu ikampotea, na hakuitafuta. Akavuta kitenge kikafunika miguu, akalaza kichwa, akalala.